SOMO LA TAWI: KOMPYUTA YA NYUMBANI IKIZEEKA, TUITENGENEZE AU TUNUNUE MPYA?



Masomo ya ukurasa huu kwa kawaida huhusu mkataba, likizo, mshahara na fidia ya ajali kazini. Safari hii tunazungumza juu ya kompyuta. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, je, kompyuta inamhusu nini mchuma chai au mkata miwa? Jibu ni hili: siku hizi hesabu za vyama vyetu vya kuweka na kukopa, orodha za wanachama, barua za malalamiko na hata hati za mishahara hukaa ndani ya kompyuta. Mara nyingi kompyuta hiyo si ya ofisi. Ni ile ya mweka hazina, iliyonunuliwa kuukuu, nayo hukaa nyumbani kwake kando ya kabati la vyombo. Ikiharibika, au ikitupwa bila sababu, inayopotea ni jasho la watu wengi.

Mwandishi wa somo hili aliyaona hayo katika tawi lake. Mwaka 2025 laptopu ya mweka hazina wetu ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijawa tayari. Kisha ikaanza kutoa tangazo kwamba Windows 10 inafikia mwisho wake. Tuliipeleka dukani kwa fundi mmoja. Fundi alisema mashine imekufa, tununue mpya kwa malipo ya kila mwezi, naye atatusaidia kupata mkopo. Fedha za kulipia zingetoka wapi? Zingetoka katika akiba ya wanachama. Ndipo tukaamua kwanza kujifunza. Haya tunayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza, pamoja na kosa moja kubwa tulilolifanya.

1. KOMPYUTA NI VITU VIWILI

Kompyuta ina chombo chenyewe, na ina programu zinazokiendesha. Kwa chombo, yafaa kufahamu sehemu tatu tu.

Ya kwanza ni prosesa. Huyu ndiye fundi anayefanya kazi. Ya pili ni ramu. Hii ni meza ya fundi. Kazi iliyo mkononi huwekwa juu yake, na umeme ukizimwa meza husafishwa tupu. Ya tatu ni diski. Hii ni ghala, nayo hutunza vitu hata umeme ukizimwa. Meza ikiwa ndogo, fundi hulazimika kukimbia ghalani kila mara. Ghala likiwa la zamani na njia yake ni mbaya, fundi husimama akingoja, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo basi, kompyuta inayokwenda polepole si lazima iwe na prosesa mbovu. Mara nyingi shida ni meza au ghala.

Programu iliyo kubwa kuliko zote huitwa mfumo wa uendeshaji. Huu ni kama msimamizi wa zamu kiwandani. Ndio unaogawa kazi, unaofungua mlango wa ghala na unaomkagua kila anayeingia. Windows ni mfumo mmoja. Linux ni mwingine.

2. KWA NINI MFUMO HUFIKIA MWISHO?

Mfumo wa uendeshaji huandikwa na watu, na watu hukosea. Kila baada ya muda hugunduliwa tundu ambalo mwizi anaweza kupitia. Kampuni yenye mfumo hutoa viraka vya kuziba matundu hayo, navyo hufika kwa njia ya intaneti. Siku kampuni inapoacha kutoa viraka, kompyuta haizimiki. Huendelea kufanya kazi kama jana, lakini tundu jipya likigunduliwa hubaki wazi.

Windows 7 ilifikia mwisho huo tarehe 14 Januari 2020. Windows 8.1 ilifuata tarehe 10 Januari 2023. Windows 10, iliyotolewa Julai 2015, ilifikia mwisho wa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilipotangaza mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, iliupangia mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026.

Je, jambo hili ni la kutisha watu ili wanunue? Tusijibu kwa haraka. Ni kweli wauzaji hulitumia kutisha. Lakini hatari yenyewe ipo. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika Windows. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ilipita kwenye tundu hilo na kuenea duniani. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali nyingi ziliahirisha matibabu, na huko Ufaransa kampuni ya magari ya Renault ililazimika kusimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Wafanyakazi walisimama kando ya mashine kwa sababu ya kiraka ambacho hakikuwekwa. Sasa fikiri daftari la akiba la tawi lako likifungwa namna hiyo.

3. KABLA YA YOTE: NAKALA

Hapa ndipo tulipokosea. Tulipoipeleka laptopu dukani mara ya kwanza, hatukuwa na nakala. Tulimwambia fundi aitazame tu. Yeye aliifuta diski yote ili aweke mfumo upya, wala hakutuuliza. Hesabu za miezi miwili zilipotea. Mama mmoja mchuma chai, ambaye alikuwa ameweka fedha za karo ya mtoto, alikuja kuuliza salio lake na mweka hazina hakuwa na la kumjibu. Tuliokolewa na kadi za karatasi ambazo wanachama walikuwa nazo majumbani. Tulikaa Jumapili mbili tukiandika upya, kadi moja baada ya nyingine. Wawili walikuwa wamepoteza kadi zao, na mpaka tulipokubaliana nao, maneno mengi yalisemwa ambayo hayakustahili kusemwa kati ya ndugu.

Akiba haiozi, na nakala ni akiba. Kanuni ni rahisi: vitu muhimu viwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja iwe mahali pengine. Mathalani, ya kwanza kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye fleshi nyumbani kwa mwenyekiti. Kwa hesabu za fedha, ongeza karatasi iliyochapwa kila mwisho wa mwezi na kutiwa sahihi. Ukisha kunakili, ifungue nakala kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Nakala isiyojaribiwa usiitegemee. Kwa kuwa fleshi hupotea kirahisi, yenye majina na fedha za watu ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo lijulikane na viongozi wawili.

4. KUIKAGUA MASHINE

Usimwachie muuzaji peke yake kazi ya kukwambia mashine yako ni ya namna gani. Katika Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, kisha andika msinfo32. Utaona jina la prosesa na kiasi cha ramu. Yaandike katika daftari.

Prosesa za Intel Core zina namba baada ya jina. Ukikuta i5-4300U, tarakimu ya kwanza ni 4, maana yake ni kizazi cha nne. Ukikuta i5-8250U, ni kizazi cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, ni kizazi cha kumi.

Namba hii ina maana kubwa. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, hudai ramu ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na kisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo 2.0. Tena hudai prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft, na kwa Intel orodha hiyo, isipokuwa chache, huanzia kizazi cha nane. Ili kuijua TPM, bonyeza tena dirisha na R, uandike tpm.msc. Microsoft pia hutoa bure programu iitwayo PC Health Check, ambayo hujibu kama mashine inafaa au haifai.

Laptopu ya tawi letu ilikuwa ya kizazi cha nne, yenye ramu ya gigabaiti 4 na diski ya zamani. Kwa Windows 11 ilikuwa haifai. Lakini kutofaa kwa Windows 11 si kufa.

5. KUTENGENEZA CHOMBO

Diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaotafuta habari juu yake. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Habari hutunzwa katika vipande vya kielektroniki, na hupatikana kwa upesi mara nyingi zaidi. Kwa kompyuta kuukuu, hakuna badiliko moja linaloonekana kama hili. Laptopu nyingi za zamani hupokea SSD ya inchi 2.5 mahali palepale pa diski ya kwanza. Nyingine mpya zaidi hutumia SSD nyembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna. Fungua uone kabla ya kununua.

Ramu. Ramu si zote sawa. Kuna DDR3, DDR4 na DDR5, na pengo la chini la kila aina liko mahali tofauti, hivyo haziingiliani. Tena ya laptopu ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Toa iliyomo na usome karatasi yake. Ikiandikwa PC3L ni DDR3 ya umeme mdogo. Ikiandikwa PC4 ni DDR4. Nenda nayo dukani kama vile mtu aendavyo na boliti ya zamani kutafuta nati yake. Katika baadhi ya laptopu ramu imechomelewa kwenye ubao mkuu, na hiyo haiongezwi.

Kwa kazi ya barua, hesabu na intaneti, gigabaiti 8 zinatosha vizuri. Kumbuka kwamba mfumo wa Windows wa biti 32 hautumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiongeza ramu. Ni lazima uwe wa biti 64.

Usafi. Kompyuta ya nyumba iliyo karibu na kiwanda cha chai au mashine za mkonge hujaa vumbi. Feni ikiziba, prosesa hupata joto na hujipunguzia mwendo wenyewe. Wakati mwingine kusafisha feni kwa brashi laini ndiyo matengenezo yote yanayotakiwa.

Usalama wa kazi ni uleule wa kiwandani. Zima mashine kabisa. Chomoa waya wa umeme. Kama betri hutoka, itoe. Kama iko ndani, ichomoe kwanza. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme wa mwili wako uondoke, kwa maana cheche ndogo usiyoisikia yaweza kuua ramu. Tumia bisibisi inayoenea sawasawa, na panga skrubu juu ya karatasi kwa jinsi zilivyotoka. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiitupe motoni.

6. NJIA TATU ZA MFUMO

Njia ya kwanza: mashine ikifaa, panda Windows 11. Kwa mwenye Windows 10 halali kupanda huku hakuna malipo, na mafaili hubaki. Hata hivyo nakala iwepo. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa kurudishia kwenye karatasi kabla hujaanza.

Njia ya pili: mashine isipofaa, weka Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, na watu wengi duniani wameuendeleza kwa ushirikiano. Hauna ada. Kuna namna nyingi zake. Ubuntu ilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile neno la lugha za huko lenye maana ya utu. Linux Mint hupendwa na waliozoea Windows, nayo hukubali ramu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali. Pamoja nayo huja LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu. Kiswahili nacho hakikuachwa nyuma: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Lakini tusidanganyane. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows, kama zile za uhasibu za kununua, huenda zisifanye kazi katika Linux. Baadhi ya printa husumbua. Kwa bahati nzuri Linux hujaribiwa bila kuwekwa: huandaliwa kwenye fleshi, ukawasha kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo, ukaona kama printa, sauti na intaneti vinakubali. Ukichomoa fleshi na kuwasha tena, Windows yako iko palepale.

Njia ya tatu: kubaki na mfumo uliokoma viraka. Njia hii inaweza kufaa kwa mashine ambayo haiunganishwi na intaneti kabisa, na ambayo fleshi ngeni haziingii. Kwa mashine ya kutuma fedha na barua, haifai.

Iko pia njia ya pembeni ambayo mafundi huipenda, nayo ni kulazimisha Windows 11 katika mashine isiyofaa, au kuweka Windows ya wizi. Ya kwanza, Microsoft haiahidi kwamba viraka vitaendelea kufika. Ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu programu inayovunja kufuli la leseni mara nyingi hubeba mwizi ndani yake. Mtu anayekuvunjia kufuli la jirani, je, lako ataliheshimu?

7. JINSI TULIVYOFANYA

Tulinunua SSD ya gigabaiti 240 na ramu ya gigabaiti 4 kuongeza juu ya ile iliyokuwapo. Tulikwenda kwa maduka matatu kuuliza bei. Kijana mmoja wa karakana ya kiwanda, fundi umeme, alifungua laptopu mbele ya kamati.

Tulitoa diski ya zamani wala hatukuifuta. Hili ni jambo la busara: mfumo mpya huwekwa kwenye SSD mpya, na diski ya zamani huwekwa kabatini pamoja na kila kitu kilichomo. Kazi ikiharibika, unairudisha mahali pake. Kisha tuliwasha kutoka kwenye fleshi yenye Linux Mint, tukajaribu kwa siku tatu, tukaridhika, tukaiweka. Mwisho tulirudisha hesabu kutoka kwenye nakala, tukalinganisha salio la kila mwanachama na kadi yake.

Leo mashine huwaka kabla maji ya chai hayajapata moto. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya laptopu mpya, na akiba ya wanachama haikuguswa kwa mkopo. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Hii haina maana kwamba kila mashine iokolewe. Ubao mkuu ukiungua, au skrini na betri vikafa kwa pamoja, hesabu gharama. Matengenezo yakikaribia bei ya mashine kuukuu nzuri ya kizazi cha nane au zaidi, nunua hiyo.

8. HAKI YAKO MBELE YA FUNDI

Mafundi wengi ni wafanyakazi wenzetu na ni waaminifu. Lakini makubaliano yasiyoandikwa huzaa ugomvi, kama tujuavyo kazini. Kwa hiyo, kabla ya kuacha mashine, pata karatasi yenye mambo haya: aina na namba ya mashine, ramu na diski iliyomo, kazi itakayofanywa, bei, na maneno kwamba hakuna kufuta chochote bila idhini. Vipande vya zamani ni mali yako, udai urudishiwe. Kama mashine ina hesabu za watu, toa diski kwanza au ukae hapo kazi ikifanyika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Hesabu za akiba yetu ziko katika kompyuta ya nani, na nakala yake iko wapi? Ilijaribiwa lini kufunguliwa?

2. Kompyuta hiyo ina mfumo gani, na viraka vyake vinafika au vimekoma?

3. Prosesa yake ni ya kizazi gani? Ramu na diski yake ni ya aina gani?

4. Muuzaji akisema mashine imekufa, tutamwuliza maswali gani kabla ya kukubali mkopo?

5. Kila mwanachama ana kadi ya karatasi? Asiyenayo ataipata lini?

Kamati ya tawi ianze na swali la kwanza, na mjumbe aliyeteuliwa alete nakala yenyewe mkutanoni ili ifunguliwe mbele ya wanachama.